Mwili wa mbwa mkubwa, kibofu cha mtoto: uchambuzi wa kisa cha Bosi

Lalamiko lilinifikia hivi, mimi mwalimu wa mbwa. German Shepherd dume, umri miezi minne na ushee, uzito kilo 18, anakojoa kwenye zulia la sebuleni karibu kila siku, anachafua kizimba chake kila mchana, na sasa akioneshwa kizimba anajilaza chini na kugoma kuingia. Wenyewe wanakaa Mbezi, Dar es Salaam, nyumba ya uzio na geti: baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi, dada wa kazi, na mlinzi anayeingia jioni. Mbwa wamempa jina la Bosi. Baba alikuwa ameshatoa hukumu: apewe mwezi mmoja, akishindwa kubadilika ahamie banda la nje.

Kumlaza nje halikuwa jambo dogo kwao. Mbwa aliyemtangulia Bosi alitupiwa nyama yenye sumu usiku juu ya ukuta, na wezi wa mjini mbinu hiyo wanaijua siku nyingi. Ndiyo maana safari hii walipanga mbwa alale ndani, asikie kishindo na kubweka, lakini mkono wa mtu wa nje usimfikie. Mpango ni mzuri na ninauunga mkono. Ila mbwa wa kulala ndani, kabla hujamfundisha ulinzi wa aina yoyote, sharti ajue pa kujisaidia na aweze kutulia mahali pake bila mtu kumshika. Bosi hakuwa na hata kimoja, na kwa umri wake nyumba nzima iliona amechelewa.

"Mwalimu, huyu si mtoto tena, muone alivyo!" baba aliniambia, na akamsimamisha Bosi kwa miguu ya nyuma ili nimwone urefu. Hapo ndipo lilipolala shauri zima. Kilo 18 ni uzito ambao mbwa wetu wengi wa kienyeji wakishakomaa kabisa hawauvuki mbali, kwa hiyo jicho la Mtanzania likimwona mbwa wa ukubwa huo linasema huyu ni mtu mzima. Kumbe German Shepherd dume akikomaa hufikia kilo 30 hadi 40, na kukomaa kwenyewe huchukua mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi. Mbwa wa aina ndogo humaliza kukua kabla ya mwaka kwisha. Mbwa wa aina kubwa ana mwili unaotangulia na akili na misuli ya kibofu inayofuata nyuma taratibu. Kibofu chake ni kikubwa kuliko cha kijibwa kidogo, ni kweli, lakini mkojo anaotengeneza nao ni mwingi kwa kiasi hichohicho. Hapati saa za ziada kwa kuwa mkubwa.

Alikotokea

Bosi alinunuliwa akiwa na wiki saba. Daktari wa mifugo aliwaambia wasimkanyagishe barabarani mpaka amalize chanjo, na ushauri ule ulikuwa sahihi kabisa: virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui, na mbwa wasiochanjwa wanapita kila mahali mtaani. Chanjo ya mwisho ya mfululizo ule alipewa akiwa na wiki 16. Ila familia, kwa kuogopa, iliongeza sharti lake yenyewe. Ua nao ukapigwa marufuku, ingawa uko ndani ya ukuta na hakuna mbwa mwingine aliyeugulia humo. Wiki zote hizo tisa Bosi alijisaidia baraza ya nyuma, kwenye gazeti lililotandikwa juu ya marumaru. Magazeti yalipokuwa adimu wakaweka mkeka wa zamani.

Ni vizuri kujua kinachotokea kwenye kichwa cha mtoto wa mbwa wakati huo. Wiki za mwanzo mama yake humlamba ili akojoe, na uchafu anaula mwenyewe. Kuanzia kama wiki ya tatu mtoto huanza kutoka mahali pa kulala ili ajisaidie pembeni, bila kufundishwa na mtu. Kufikia wiki ya nane au ya tisa miguu yake inaanza kuchagua: anajisaidia juu ya kitu anachokijua kwa kukikanyaga. Wapo watakaokua wakitafuta nyasi, wapo watakaotafuta mchanga. Bosi miguu yake ilifundishwa kwamba choo ni kitu kikavu, chepesi, kinachonyonya maji, kimetandikwa juu ya marumaru.

Sasa angalia zulia la sebuleni. Kitu kikavu, kinanyonya maji, kimetandikwa juu ya marumaru. Mbwa huyu alikuwa akifanya alichofundishwa kwa wiki tisa mfululizo, na kwa kazi hiyohiyo sasa alikuwa anapigwa.

Maana alikuwa anapigwa. Baba alinieleza waziwazi, bila kuficha, na nilimshukuru kwa hilo: akikuta mkojo anamkamata, anamsugua pua pale pale, anamchapa kandambili mbili tatu, kisha anamburuta hadi kizimbani. Ndivyo alivyoona mbwa wakifundishwa tangu utotoni kwao.

Nilimwomba amtoe Bosi uani kwa kamba, kama anavyofanya siku zote, mimi nikae mbali niangalie. Wakasimama chini ya mwarobaini. Bosi alinusa, akazunguka mara moja, akaanza kuinamisha kiuno, halafu akamtazama baba. Masikio yakalala nyuma, ulimi ukapita puani haraka, akapiga mwayo, akanyanyuka. Akazunguka tena, akainamisha kiuno tena, akatazama tena, akaacha. Baba alichoka, wakarudi ndani, kamba ikafunguliwa. Bosi alikwenda moja kwa moja nyuma ya kochi, upande wa pazia, pale zulia linapokunjika ukutani, akakojoa mkojo mrefu wa mtu aliyejizuia kwa muda.

"Unaona? Makusudi."

Kwa macho ya haraka kweli linaonekana kama makusudi, na sijawahi kumlaumu mtu anayelisoma hivyo. Lakini mbwa huunganisha adhabu na kile kinachoendelea sekunde ileile. Bosi alikuwa ameunganisha vitu viwili, mkojo na mtu kuwepo. Fundisho alilolipata ni kwamba kukojoa mbele ya baba ni hatari na kukojoa mafichoni ni salama. Kumtoa nje kwa kamba fupi, baba akiwa amesimama juu yake, kulikuwa kumweka mahali pa hatari kabisa kwa akili yake. Kila kandambili ilimsogeza mbali na uani na kumsukuma nyuma ya kochi.

Familia iliniuliza pia juu ya ile sura ya hatia: mbona akikutwa anajikunja, anakwepa macho, si anajua amekosa? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima hilo kwa kuwadanganya wenye mbwa. Wengine waliambiwa mbwa wao ameiba chakula hali hakukigusa, wengine kinyume chake. Sura ile ilijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe amekosa au hajakosa. Mbwa anajibu sauti na uso wa bwana wake, anaomba amani. Ukiisoma kama ungamo utamwadhibu kwa kuomba amani.

Kizimba chenyewe

Kilichomelewa na fundi wa mtaani, kazi imara ya nondo: urefu sentimita 120, sakafu ya wavu wa chuma, komeo la nje. Kilikaa baraza ya nyuma chini ya bati, upande wa magharibi. Ilikuwa Februari, mwezi ambao Dar joto la mchana linapita nyuzi 32 kivulini, na chini ya bati lile halikuwa joto la kivulini tena. Nilipofika kabla ya watoto kurudi kutoka shule niliweka kiganja kwenye nondo ya juu nikashindwa kukiacha. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Jasho analotoa kwenye nyayo ni dogo mno. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na nusu hivi, likipita 41 yuko kwenye hatari ya kufa. Kwa hiyo kabla ya mafunzo, kabla ya daftari la kumbukumbu, kizimba kilihamishwa siku ileile. Mafunzo yangesubiri.

Kuhusu ukubwa wake, fundi alipewa kipimo cha mbwa mzima, na kwa mbwa mzima kipimo kile kinafaa: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kwa mtoto ni chumba na choo chake. Kizimba kina nguvu moja tu ya kufundishia, nayo ni kwamba mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ukimpa nafasi ya kulala kona hii na kujisaidia kona ile, nguvu hiyo umeiondoa. Na ukimfungia kupita uwezo wa kibofu chake umeiondoa kwa njia mbaya zaidi, maana atalazimika kulala kwenye uchafu mpaka auzoee. Mbwa aliyeuzoea ni mgumu kumrudisha, na walioanzia kwenye vizimba vya wauzaji wasiofagia ndio wagumu kupita wote.

Bosi alikuwa na yote mawili. La saa za kufungiwa nililijua baada ya kuomba daftari. Dada wa kazi alitundika daftari la mistari jikoni kwa kamba, akaandika kwa siku kadhaa kila alichokiona: mbwa ameingia lini, ametoka lini, amekula nini, amekojoa wapi. Baba anaondoka saa 11 na nusu alfajiri kukwepa foleni. Mama na watoto wanaondoka saa 12 na nusu asubuhi, na Bosi anafungiwa wakati huo. Watoto wanarudi saa 9 na nusu alasiri. Anafungiwa kwa muda wa saa tisa kamili. Kipimo tunachotumia kwa mtoto wa mbwa ni umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa za juu kabisa za kujizuia mchana. Kwa Bosi ni tano, na tano zenyewe ni dari ambalo hupaswi kuligusa kila siku. Nyumba ilikuwa inamdai karibu mara mbili ya hapo, kwenye tanuri.

Daktari kwanza

Sipokei kesi ya mkojo bila kipimo. Maambukizi ya kibofu humfanya mbwa akojoe kidogokidogo kila mara, na hakuna ratiba itakayotibu bakteria. Wapo pia wanaozaliwa na mirija ya figo iliyounganika mahali pasipo pake, hao huvuja hata usingizini. Mkojo wa Bosi ulikuwa safi. Kinyesi kilikutwa na mayai ya minyoo, akapewa dawa, na hilo lilipunguza ile haja kubwa ya ghafla.

Chakula ndicho kilichonishughulisha zaidi. Alikuwa anakula ugali wa dona na dagaa wa chumvi, mara mbili kwa siku lakini bila saa maalumu, pamoja na mabaki ya mezani. Dona ina pumba nyingi, kwa hiyo kinyesi ni kingi. Dagaa wa chumvi wanaleta kiu, kiu inaleta maji, maji yanaleta mkojo. Juu ya hapo alikuwa anapewa unga wa kalisiamu kila asubuhi ili masikio yasimame. Karibu kila mwenye German Shepherd hapa mjini ameambiwa hivyo na mtu, na linaniumiza kila nikilikuta. Masikio ya mbwa hawa husimama yenyewe, mengi kati ya mwezi wa nne na wa sita, na huweza kulala tena wakati meno yanabadilika. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo wa kuikataa kalisiamu inayozidi. Utumbo unaipokea tu, na inaharibu ukuaji wa mifupa na maungio yatakayobeba kilo 35 baadaye. Unga uliachwa. Akahamishiwa chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, milo mitatu iliyopimwa, saa zilezile kila siku. Mbwa mdogo hupata haja kubwa ndani ya dakika chache hadi nusu saa baada ya kula, kwa hiyo ukipanga saa ya bakuli umepanga na saa ya choo. Maji sikuyagusa. Wapo wanaoshauri kumnyima mbwa maji mchana ili kupunguza mkojo; kwa joto la Dar huo ni ukatili.

Saa za katikati

Pengo kubwa lilikuwa kati ya saa 12 na nusu asubuhi na saa 9 na nusu. Mtu alikuwepo nyumbani muda wote huo, dada wa kazi, na hakuna aliyemhusisha. Familia ilidhani anaogopa mbwa. Nilimwomba mama ruhusa nizungumze naye mwenyewe.

"Kaka, mbwa simwogopi. Sijaulizwa tu," alisema. Yeye ni Mwislamu, kalelewa kwenye madhehebu ya Shafii kama walio wengi pwani, anaswali swala tano, na mate ya mbwa yakimgusa inambidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Hawezi kufanya hivyo kila akitoka kumfungulia mbwa. Ila akaniambia kikavu kwa kikavu hakina neno. Kamba kavu ataishika. Mlango ataufungua. Pua yenye maji isimguse, na nguo zake za swala zisiingie kwenye hesabu hiyo.

Nilipenda jinsi alivyoliweka, kwa sababu alinipa masharti ya kazi yaliyo wazi, na masharti yaliyo wazi ni rahisi kuyajengea. Kizimba tulikiweka mwisho wa korido, penye upepo, mlango wake ukitazama mlango wa nyuma kwa hatua mbili. Fundi alirudi akabadilisha komeo: akaweka la kunyanyuka, akafunga kamba ya katani ikapita kwenye pete ukutani hadi jikoni. Dada akiivuta, komeo linanyanyuka, Bosi anatoka moja kwa moja uani bila kumpitia. Kwenye kopo kuna punje za chakula kikavu na upawa wa mti. Bosi akimaliza kujisaidia pale panapotakiwa, anatupiwa punje pale pale. Wakati wa kurudi punje zinarushwa ndani ya kizimba, anazifuata, mlango unafungwa kwa fimbo ndefu. Saa 3 na nusu asubuhi, saa 6 mchana baada ya mlo wa pili, saa 8 mchana. Baada ya wiki chache hakuna aliyelijua tumbo la Bosi kuliko yeye, na daftari lake lilikuwa sahihi kuliko la mtu mwingine yeyote niliyewahi kumpa kazi hiyo. Mama alimwongezea malipo kwa kazi ile, na ndivyo inavyostahili. Ni kazi mpya, haikuwemo kwenye makubaliano yao.

Kizimba kilivyorudishwa

Siku za mwanzo hakikufungwa kabisa. Kilioshwa, kikaanikwa juani, wavu wa sakafu ukafunikwa kwa ubao na mpira wa kutandika, kwa sababu nyayo na viungo vya mbwa mzito havitakiwi kukaa juu ya waya. Fundi alitengeneza ukuta wa ndani wa wavu wenye ndoana, unaosogezwa nyuma mbwa anapokua. Tukaanza na nafasi ya kulala na kugeuka, basi.

Kumwingiza tulianza kwa bakuli. Bakuli likawekwa mlangoni, kesho yake ndani kidogo, hadi likafika mwisho, mlango ukiwa wazi wakati wote. Alipoanza kuingia mwenyewe kwa kujiamini mlango ulisukumwa wakati anakula na kufunguliwa kabla hajamaliza. Baadaye ukafungwa akiwa na mfupa wa mpira uliojazwa chakula, watu wakiwa korido, halafu watu wakiwa chumba kingine. Meno yalikuwa yanabadilika wakati huo, kwa hiyo kitu cha kutafuna kilimfaa kwa njia mbili; kabla ya hapo alikuwa anatafuna nondo.

Sharti moja nililisisitiza kuliko yote: haburutwi tena kizimbani kwa kosa lolote. Kizimba kikishakuwa jela mara moja kila mlo utakaouweka humo utakuwa unajenga upya ulichokibomoa.

Baba aliuliza, akilia je? Jibu langu hutegemea kilio. Mbwa aliyekuwa amelala kimya akaamka na kulia, mtoe kwa kamba, bila maneno, ajisaidie, arudi. Anayenung'unika dakika mbili baada ya kufungiwa kisha akajilaza, mwache. Lakini mbwa anayetoa mate hadi kifua kinalowa, anayeng'ata vyuma na kuchubua pua, huyo ameingiwa na hofu kubwa. Kumwacha "azoee" kunaiongeza, na hatua za kurudi nyuma ndiyo dawa. Bosi alikuwa na mchubuko puani nilipomkuta. Ulipona na haukurudi.

Niseme na hili, kwa kuwa watu huniuliza kama kizimba ni lazima. Si lazima. Uswidi na Ufini sheria hairuhusu kumfungia mbwa kizimbani nyumbani kama desturi ya kila siku, na mbwa wa nchi hizo wanajifunza choo vizuri tu, kwa watu kukaa nao na kuwatoa mara kwa mara. Kizimba kinasaidia pale mtu anapohitaji saa mbili za kupika au usiku wa kulala. Nyumba isiyo na mtu kutwa nzima haina haja ya kizimba, ina haja ya mtu.

Zulia na usiku

Zulia lilitolewa sebuleni kwa wiki kadhaa, na mkeka wa barazani ukatupwa. Zulia lilisafishwa kwa sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, ikaachwa ilowe kisha ikasuuzwa. Nyumba ilikuwa ikitumia dawa ya klorini. Hiyo inachubua rangi, ikikutana na mkojo inatoa hewa inayowasha macho na kifua, na harufu ambayo pua ya mbwa inaitafuta inabaki chini kabisa ya nyuzi. Dawa za kusafishia zenye amonia ni mbaya zaidi, kwani kwa mbwa zinanuka mkojo.

Uani tulichagua kona moja chini ya mwarobaini, tukamwaga mchanga, na kwa siku za mwanzo tukatandika juu yake kipande cha ule mkeka kabla haujatupwa, ili miguu yake ipate kitu inachokijua. Kipande kilikatwa kidogokidogo mpaka ukabaki mchanga mtupu. Kamba ya baba ikawa ndefu, mita tano, na yeye akaambiwa amgeuzie Bosi mgongo atazame ukuta. Hilo lilimgharimu uvumilivu, nami namheshimu kwa kulifanya. Asubuhi Bosi alipokojoa kwa mara ya kwanza kamba ikiwa mkononi mwa baba, baba alisikia tu. Hakugeuka mpaka sauti ilipokoma, akamtupia punje palepale.

Usiku kizimba kilisogezwa mlangoni kwa wazazi. Mbwa aliyelala hujizuia muda mrefu kuliko aliye macho. Baba alimtoa saa 4 usiku kabla ya kulala, akaamka tena saa 9 usiku, kimyakimya, bila taa kubwa. Saa hiyo ya pili ilisogezwa mbele robo saa kila baada ya siku kavu kadhaa hadi ikakutana na saa 11 alfajiri ambayo baba huamka kwa vyovyote.

Mvua, kisha ujana

Kufikia katikati ya Machi sebule ilikuwa kavu. Ndipo masika yakaanza. Ua ulijaa maji, mchanga ukasombwa, na Bosi hakutaka kulowesha tumbo. Ajali zikarudi kwenye korido, mbili tatu kwa siku moja, na baba akanipigia simu kwa sauti ileile ya Februari. Hakuna kilichokuwa kimesahaulika. Choo chake kilikuwa kimezama. Waliezeka kona ile kwa mabati mawili juu ya nguzo, wakapandisha mchanga kwa matofali. Hilo lingejengwa Februari kama mfuko ungeruhusu. Kwa mtu wa pwani anayeanza sasa, jenga kona ya choo yenye paa kabla ya masika.

Mwezi wa Mei ukuta wa ndani wa kizimba uliondolewa. Bosi alikuwa na kilo 29 na alijaza nafasi yote. Mlango sasa hufungwa usiku tu, na mchana anaingia mwenyewe kulala kwa sababu korido ina ubaridi. Akifikisha mwaka na kitu, kama hali itabaki hivi, mlango utatolewa kwenye bawaba.

Mambo mawili hayajakwisha. La kwanza, baba anaporudi jioni Bosi bado anadondosha mkojo akimlaki, masikio nyuma, kiuno chini. Huo si mkojo wa kibofu kilichojaa. Ni wa kunyenyekea, mabaki ya kandambili, na wengi hupungukiwa nao wanapokomaa. Baba analakiwa nje, hasimami juu yake, anachuchumaa ubavu na kumwacha Bosi aje. Umepungua, haujaisha. Akikaripia kwa hilo utaongezeka, na anajua. La pili, Bosi ameanza kunyanyua mguu. Amenyunyizia nguzo ya geti, na mara moja mguu wa meza ya chakula. Huo ni ujana, unataka usimamizi wa karibu ndani ya nyumba na kamba kiunoni mwa mtu kwa majuma machache, pamoja na kuosha mguu wa meza kwa sabuni ileile ya vimeng'enya.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni likizo ya Juni. Dada wa kazi anakwenda kwao mwezi mzima, watoto wako nyumbani na wanalala hadi saa 3 asubuhi. Mtoto mkubwa, mwenye miaka 11, ameshika daftari tangu wiki iliyopita, na dada anamsimamia kabla hajaondoka: ameshamfundisha kutazama mkia unavyosimama na pua inavyoshuka sakafuni. Mama ndiye atakayemtoa Bosi saa 11 alfajiri, likizo au si likizo. Mlo wa mchana umebaki saa 6. Watoto wamekatazwa kumfungulia kila wanapotaka kucheza na kumfungia wanapochoka. Tukikuta mkojo ndani siku mbili mfululizo, tunarudi kwenye saa za Machi, na mimi naenda.